Kikao cha Sita cha Kamati ya Bweni: Mwanafunzi wa Sheria na Ugomvi wa Chumba Namba Sita

Kilifanyika Jumapili katika chumba cha kulia cha bweni la vibarua.

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (fundi bomba), Mlinzi, Katibu (mbeba zege), mwalimu wa sheria na mwanafunzi wake.
HAKUHUDHURIA: Mpishi, bila taarifa kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa nne na robo, redio ilipozimwa. Mwenyekiti alieleza kwamba Mlinzi alitumbukiza simu ya Katibu, mwenzake wa chumba namba sita, kwenye ndoo ya maji. Msimamizi wa bweni ametoa siku moja: wapatane, la sivyo wote wawili wahame. Mlinzi alipinga Katibu kuandika. "Kesi ya nyani, hakimu ngedere!" Aliulizwa kama ataandika yeye. Alimsukumia Katibu kalamu.

KUMB. NA. 2/6: MWANAFUNZI
Mwalimu alieleza kwamba wanafunzi wake wanajifunza kusuluhisha watu bila kufika mahakamani. Mwanafunzi alisoma karatasi aliyokuja nayo: Mlinzi ana makosa, aombe radhi. Katibu alipiga makofi. Mwenyekiti alisema, "Binti yangu, umeshahukumu na hata tumeamkaje hujauliza." Mwalimu hakumtetea. Mwanafunzi alichana karatasi, akasema anaanza upya na haondoki mpaka amalize.

KUMB. NA. 3/6: USULUHISHI
Mwanafunzi aliweka sharti: kila mmoja aeleze shida ya mwenzake mpaka mwenyewe akubali. Katibu alisema Mlinzi analala mchana na hapendi kelele za simu. Mlinzi akasema, "Siyo." Katibu alirudia kwa maneno mengine. "Siyo, kaka." Saa tano ikapita. Mwenyekiti alitaka kuahirisha, mwanafunzi alikataa. Mwishowe Mlinzi alisema mwenyewe: "Kila Jumapili nasikia mama yako anakuuliza kama umekula. Wangu nilimzika kwa simu, sikupewa ruhusa ya kwenda."
Katibu hakuwa na habari hiyo, ingawa wamelala chumba kimoja miaka miwili.
Mlinzi naye alieleza shida ya Katibu: mama yake hasikii vizuri, na uani kuna kelele za mashine, kwa hiyo humpigia chumbani kwa sauti kubwa. Katibu alikubali mara moja.

KUMB. NA. 4/6: MAAZIMIO
Katibu atampigia mama yake saa kumi jioni, Mlinzi akiwa ameamka, kwa simu ya Mwenyekiti mpaka yake ikauke. Hakuna anayehama. Mlinzi aliomba radhi kwa ndoo. Alipoulizwa kama naye atamsalimu mama wa Katibu, alisema atafikiri.

Kikao kilifungwa saa sita na nusu. Simu ilipigwa saa kumi. Mlinzi alisalimia.

Mwenyekiti: ..................
Katibu: ..................