Siku Nilipouona Moyo Ukianza

Bweni la Wasichana,
Ghorofa ya Tatu, Chumba Namba 14.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa, tafadhali, maana nakujua: utaisoma barua hii umesimama, kiatu kimoja mguuni, huku mtu anakuita wodini. Kaa kwanza. Ni ndefu.

Hujambo lakini? Goti la kushoto linasemaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi za zahanati kwa kushika ukuta, na ukiulizwa unasema unaupima kama umenyooka. Usinichekeshe, Shangazi. Lipeleke hilo goti kwa daktari. Unawahangaikia watu wote isipokuwa nafsi yako. Na ule mlango wa wodi ya wazazi, bado unakwama mpaka uupige kiuno, au hatimaye fundi amekuja?

Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea kiasi, ingawa asubuhi bado navaa soksi mbili mbili, na mwenzangu wa chumbani ananiita Kitunguu kwa jinsi ninavyojifunika tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo sasa nina majina mawili: kwenu Sindano, huku Kitunguu. Chakula nakula, usingizi ninao, namshukuru Mungu.

Sasa nikwambie ukweli.

Mwezi wa kwanza nilipokupigia simu nikakwambia mtihani umekwenda vizuri, nilikudanganya. Nilianguka, na si kuanguka kidogo. Somo lenyewe ndilo lile nililojigamba kwenu kwamba nakuja kulisoma mwaka mzima, jinsi kiumbe kinavyojengeka kuanzia yai. Kitabu nilikuwa nimekikariri chote, ningeweza kukutajia hata ukurasa. Lakini tulipowekewa hadubini mbele yetu na kuambiwa tueleze tunachokiona, mimi niliona ukungu. Nikaandika ya kitabuni. Profesa alijua mara moja.

Chuo kilikuwa na haki ya kunirudisha nyumbani kabla ya mwaka kwisha, na barua waliyonipa ilisema hivyo waziwazi. Nilianza kupanga nguo kwenye begi. Nilipofika nusu nikakaa sakafuni nikawaza nitashukaje kwenye ndege mbele ya Baba, ambaye alishamwambia kila mtu mtaani, hata wasiomuuliza, kwamba binti yake yuko ng'ambo. Wala sikulia, Shangazi. Nilikaa tu nimeshika soksi. Nisamehe kwa kukuficha. Niliona aibu kwako kuliko kwa mtu yeyote, kwa sababu wewe ndiye uliyewashikilia wazazi mpaka wakakubali niende.

Profesa wetu ni mama wa makamo anayevaa miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani, na bado huzunguka akiuliza miwani yake iko wapi. Aliniita ofisini, akanisogezea kiti.

"Umelisoma yai," aliniambia. "Ila hujawahi kulitazama."

Akanipa miezi miwili. Kila asubuhi kabla ya vipindi niende kwenye chumba cha samaki, nifanye kazi chini ya mtunza matangi, kisha nirudie mtihani. Nikianguka tena, begi lile nilimalizie kulipanga.

Huyo mtunza matangi wanafunzi wote wanamwita Bwana Maji. Ni mzee mwembamba wa buti za mpira, anayezungumza zaidi na samaki kuliko na watu. Chumba chake hakina madirisha. Ni matangi ya kioo tu, kutoka sakafuni hadi darini, na ndani yake maelfu ya samaki wenye milia wasiofika urefu wa kidole changu cha mwisho. Taa zikiwashwa asubuhi, majike hutaga. Na mayai yenyewe, Shangazi, ni kama matone ya maji: unaona mpaka ndani. Ndiyo maana wanafugwa. Unaweza kumtazama mtoto akijengeka saa baada ya saa bila kupasua kitu wala kumgusa mama yake.

Wiki mbili za kwanza sikuonyeshwa yai hata moja. Nilisugua. Nikamlalamikia mwenzangu wa chumbani, "Yaani nimepanda ndege mbili kuja kusugua matangi!" Naye bila kuinua kichwa kwenye daftari lake akasema, "Basi yasugue vizuri, wasije wakasema kwenu hamjui kusugua."

Halafu ikaja Jumanne moja. Nilikuwa nimepiga magoti na brashi yangu, Bwana Maji akanigusa bega. "Njoo. Usiseme kitu."

Alikuwa ameweka yai moja chini ya hadubini, lililotagwa asubuhi ya jana yake. Nikatazama. Safari hii sikuona ukungu. Niliona kiumbe kimejikunja kuzunguka mfuko wa kiini, kama mtu aliyelala amekumbatia mto. Mgongo ulishajipanga pingili pingili. Macho yalikuwa vivuli viwili tu. Chini ya kichwa palikuwa na mahali patupu, au nilipopaona patupu.

"Tazama hapo," alisema. "Usipepese macho."

Nilitazama mpaka macho yakaanza kutoka maji. Hakuna kitu. Kisha pakashtuka. Nilidhani ni kope yangu mwenyewe. Pakatulia, kimya, muda mrefu hivi kwamba nikajiambia nimejidanganya. Pakashtuka tena. Pakatulia. Tena. Kisha mara mbili kwa kufuatana, kwa kusitasita, kisha tatu, na hapo haukusimama tena. Ulikuwa moyo. Dakika moja nyuma haukuwa ukipiga, na sasa ulikuwa unapiga, mbele ya jicho langu, bila mtu kuugusa.

Sijui nikwambieje. Nilishika ukingo wa meza kwa sababu niliona kama sakafu imesogea. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kunyamaza kabisa, vyote kwa wakati mmoja.

"Nani ameuambia uanze?" nilimuuliza Bwana Maji.

"Hilo muulize Profesa. Mimi kazi yangu maji."

"Wewe umeona mingapi?"

Akafikiri. "Miaka ishirini na mbili niko hapa. Kila siku hutazama mmoja kabla ya chai."

"Hujachoka?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Nichoke na nini?"

Asubuhi hiyo chai haikupita kooni. Nilitoka kwenye korido nikakaa kwenye benchi, nikawa natazama watu wakipita: mlinzi wa getini na funguo zake, mama mfagizi, wanafunzi wanaokimbilia vipindi, mhadhiri aliyekuwa anabishana na simu. Kila mmoja alikuwa nao kifuani. Kila mmoja wakati fulani alikuwa na mahali patupu, pakashtuka. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa anauwazia! Nilitamani niwasimamishe mmoja mmoja niwaambie. Ningefanya hivyo, Shangazi, wangenirudisha nyumbani siku hiyohiyo kwa sababu nyingine.

Kwa Profesa nilikwenda kweli. Alinieleza nusu saa nzima juu ya chumvi zinazoingia na kutoka kwenye chembe za moyo, mpaka chembe moja inapotangulia na nyingine kuifuata. Alisema hata wetu sisi huanza hivyo, wiki ya tatu hivi tangu mimba kuingia, wakati akina mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Nilielewa yote. Kisha akavua miwani ya puani, akasema, "Hayo ndiyo tunayoyajua. Wewe umeuliza jingine." Akaniacha hivyohivyo. Sikujua kwamba profesa anaruhusiwa kusema hivyo.

Toka siku hiyo sikuhitaji kuamshwa. Nilikuwa nafika kabla ya Bwana Maji kufungua mlango.

Sasa lipo jambo linalokuhusu wewe hasa, kwa hiyo kama umeshasimama, rudi ukae.

Profesa ana ukoo mmoja wa samaki alioufuatilia kwa miaka saba. Hao huzaliwa na kasoro moyoni, kama watoto wale unaowapeleka hospitali kubwa midomo ikiwa ya bluu. Anatafuta kinachosababisha. Majike wa ukoo huo walikuwa wamezeeka, na kundi la mwisho la mayai yao lilikuwa ndani ya kabati la joto, sahani kumi na mbili. Zamu yangu Jumamosi moja ilikuwa kuhesabu mapigo. Huku wengi huhesabu robo dakika kisha wanazidisha kwa nne. Mimi siwezi. Kila nikijaribu nakusikia ukinigombeza, nikiwa na miaka kumi na miwili, pale pembeni ya kitanda cha wodi ya wazazi: "Dakika nzima, Sindano! Mtoto si hesabu ya darasani." Basi huhesabu dakika nzima, saa yako ile ya mkononi uliyonipa nikisafiri ikiwa mbele yangu.

Siku hiyo nilipata tisini. Siku iliyotangulia yalikuwa mia na arobaini. Nikahesabu sahani nyingine, tisini na mbili. Ya tatu, themanini na nane. Kipimajoto cha mlangoni kilionyesha joto ni lilelile la kila siku.

Bwana Maji alikitazama kipimajoto, akanitazama mimi. "Umekosea kuhesabu."

"Nimehesabu dakika nzima, sahani tatu."

"Kipimo kinasema joto liko sawa."

"Mioyo inasema si sawa."

Mimi ndiye niliyeanguka mtihani, na yeye ana miaka ishirini na mbili ya kazi. Bwana Maji akafungua droo, akatoa kipimajoto kingine cha zamani, akakitumbukiza ndani ya kabati. Tukasubiri. Zaidi ya digrii tano pungufu. Kile cha mlangoni kilikuwa kimekwama tu hapohapo, na kabati lilikuwa linapoa tangu alfajiri.

Shangazi, sijawahi kubeba kitu kwa uangalifu namna ile. Tulihamisha sahani moja moja kwenda kabati la chumba cha pili, yeye akifungua milango, mimi nikipumua kwa pua tu. Profesa alipofika, alikuwa amevaa viatu viwili tofauti. Sahani mbili tulizikosa. Kumi zikapona, mapigo yakapanda mia, mia na ishirini, na kufikia saa sita mchana yalikuwa yamerudi mahali pake. Profesa alikaa kitini. Baadaye akaniuliza nani alinifundisha kuhesabu.

"Shangazi yangu. Ni mkunga."

"Mpelekee salamu zangu," alisema. "Mwambie mimi huhesabu robo dakika. Nimeacha leo."

Basi nazileta, kama nilivyotumwa.

Mtihani nilirudia Alhamisi iliyopita, na majibu yalitoka juzi. Nimefaulu, Shangazi. Si wa kwanza wala wa pili, lakini niliandika nilichokiona. Nitamaliza mwaka wangu. Begi limerudi juu ya kabati, na nguo zake nusu nimezivaa zote tayari, si unajua mimi Kitunguu.

Nakuuliza kitu ambacho sikuwahi kukuuliza. Umesikiliza mamia ya mioyo kwenye matumbo ya watu. Unawezaje kutoka pale, ukanunua vitunguu sokoni, ukaja nyumbani ukatugombeza kwa vyombo vichafu, kama mtu aliyetoka kazi yoyote? Mimi nimeona wa samaki tu, nikashindwa kunywa chai. Nilipokuwa mtoto nilidhani unarudi umechoka ndiyo maana hukai kwanza ukazungumza. Sasa sina hakika kama kulikuwa ni kuchoka.

Jambo la mwisho, na hili nakuomba kwa upole. Mama ameninong'oneza kwamba Dada ana mimba ya wiki tisa. Amesema Dada hataki itajwe, hataki pongezi, hataki hata kununua kanga mpya, kwa sababu ya zile mbili zilizotoka. Ulikuwa naye mara zote mbili. Unajua kuliko sisi. Mimi siwezi kumpigia, nitalia na nitaharibu. Lakini siku utakapopata nafasi mko wawili tu, mwambie mdogo wake ameona moyo ukianza. Usimwambie kwamba mtoto atafika salama, hilo hakuna ajuaye, na Dada si mtu wa kudanganywa. Mwambie tu kwamba moyo wa mtoto umeshaanza. Wiki kadhaa zilizopita, labda akiwa anafua, labda akiwa amelala, palishtuka, pakatulia, pakashtuka tena. Hakuna aliyeuamuru. Na leo, wakati wewe unasoma mstari huu, moyo huo unafanya kazi.

Nisalimie Baba, mwambie sasa anaruhusiwa kujigamba. Nisalimie Mama na Bibi, na yule jirani yetu fundi cherehani, koti alilonishonea ndilo tabaka la juu kabisa. Dada mkumbatie bila kumwambia sababu. Na huyo mdogo ambaye bado hana jina, siku utakapoweka sikio, mpe salamu zangu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mungu akutunzie mikono yako, na masikio yako, na hilo goti.

Ni mimi nikupendaye, leo kuliko jana,

Sindano