Apollinarie hapasuliwi

Mama Patrick, Apollinarie hapasuliwi! HAPASULIWI! Naandika hapa hapa tunapotoka hospitali.

Si unajua alivyolia njia nzima kutoka Mwese, kwamba ule mguu mfupi watampasua? Basi wamempiga picha, kompyuta ikapima. Daktari akatoa macho: "Mama, mfupa wako wa paja umezidi mita moja! Na miguu imepishana sentimita tano!" Mita moja, mwenzangu! Paja peke yake! Apollinarie akaanza kumwita Yesu.

Daktari akarudia kuangalia. Kumbe huwa wanaweka gololi ya chuma kando ya goti, kompyuta inajua ukubwa wake, ndiyo inapimia. "Mbona hapa kuna kitu kingine cha mviringo?"

Huyu mtu wetu akafungua kiganja. Medali ya Bikira Maria! Aliambiwa avue vyuma vyote, yeye kaificha mkononi, mkono kaulaza kando ya paja! Kompyuta ikadhani kale kadude kadogo ndiyo ile gololi kubwa, ikakuza mifupa yote.

"Niliogopa kubaki mle chumba cha picha peke yangu, daktari," anasema.

Daktari kacheka mpaka kavua miwani. Wamepima upya: sentimita mbili tu, aongezewe soli kwenye kiatu, basi!

Mungu ni mwema. Sasa ameshatoka getini, anachechemea mbio, mimi mwenye miguu sawa simfikii!