Sauti Iliyobaki Mwishoni mwa Kanda

Halifax,
Machi 9, 2005

Mpendwa Shemeji Muriel,

Pokea salamu kutoka nyumba hii ambayo dada yako aliiacha safi kuliko nilivyoweza kuitunza. Natumaini nyonga yako imetulia, na kwamba upepo wa bahari hapo Whitby haukunyimi usingizi. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa magoti. Namwomba radhi pia jirani yako, Bibi Enid, aliyekubali kukusomea barua zangu tangu macho yako yafifie. Leo nampa kazi ndefu, na sehemu yake si nyepesi.

Nimechelewa kuijibu barua yako ya Februari. Uliniomba kanda ya marehemu Winifred, ile tuliyomrekodi akiimba peke yake kanisani, kwa kuwa uso wake huuoni tena hata katika picha, na sauti ndiyo pekee uliyobakiwa nayo. Nitaeleza kilichonichelewesha, ila uniwie radhi nikianzia kwa mjukuu wetu Kirsty.

Unajua kwamba anapiga ngoma katika bendi na vijana watatu wa hapa. Kampuni moja ya London imewapa mkataba wa albamu, yao ya kwanza, na magazeti ya muziki yameanza kuwasifu hata kabla haijatoka. Studio ya London waliikataa. Wakaniomba ukumbi wetu wa shule ya Jumapili, kwa kuwa bado mimi ndiye mshika funguo. Wazee wa kanisa wakakubali kwa masharti mawili: wasipige wakati wa mazoezi ya kwaya, wala wasilete bia. Sharti la kwanza walilitimiza.

Nilidhani nitateseka. Magitaa yao ni makavu na makali kama mtu anayekata bati, ngoma zinakimbia kana kwamba zinafukuzwa, na Damian, mwimbaji wao, haimbi hasa; ananung'unika kwa lafudhi yetu hii hii habari za basi la mwisho na msichana wa duka la chipsi. Nilimwambia kwa adabu kwamba anasikika kama mtu anayemwita mbwa aliyepotea. Akaniambia, "Babu, hayo tutayaandika kwenye jalada!" Kirsty akamjibu kwamba mbwa mwenyewe angeisikia sauti ile angezidi kukimbia. Hata hivyo, Shemeji, baada ya siku chache nilijikuta mguu wangu unagonga sakafu, nami nimeshika sinia la chai.

Vijana hawa wanaipenda sauti ya miaka ya ujana wa wazazi wao. Hawataki kompyuta. Wanataka wote wapige kwa pamoja, kisha wimbo ukamilishwe kwenye kanda ya sumaku, na kadiri kanda ilivyo kuukuu ndivyo wanavyofurahi. Lakini kanda zimeadimika. Kiwanda kimefunga milango, na zilizosalia hazishikiki kwa bei. Nilipowaona wameinamisha vichwa, nikakumbuka sanduku la kanda za kwaya lililokuwa kabatini chini ya ngazi za ukumbi. Mchungaji akasema ni takataka, wapewe. Nikawapa kwa mikono yangu, tena kwa furaha.

Kanda ya Winifred haikunitia wasiwasi, kwa kuwa ilikuwa nyumbani, katika droo ya vitambaa vya meza. Tangu azikwe, Kirsty akiwa bado ananyonya, sikupata kuigusa. Nilitosheka kujua ipo. Barua yako ilipofika nikaifungua droo. Kasha lilikuwa tupu.

Ndipo nilipokumbuka vuli yake ya mwisho, alipokuwa akirudisha kila kitu cha kanisa kilichokuwa kwetu: vitabu vya nyimbo, vikombe vya chai, hata kile kijiko kilichopinda. Wewe unamjua dada yako. Asingekubali kufa na mali ya kanisa nyumbani mwake. Kanda ilikuwa ya kanisa. Aliirudisha sandukuni.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kukuambia, Kirsty akaniita nikausikilize wimbo wa mwisho wa albamu. Ulipokwisha, kanda ikaendelea kuzunguka, ikinong'ona. Kisha mwanamke akaivuta noti moja ndefu hadi ikaisha, akavuta pumzi, akasema, "Haya, zimeni hicho kidude, viazi vyangu vitakuwa mkaa."

Vijana walishangilia. Damian aliapa kwamba hakuna albamu iliyowahi kumalizika vizuri hivyo, na kwamba asingeikata hata London ipige magoti. Kirsty alicheka mpaka akakaa sakafuni, akaniuliza yule mama ni nani.

Nilimwambia simjui.

Nisamehe, Shemeji. Maji yalikwisha kumwagika. Huo wimbo wa dada yako uliouomba wameufuta kwa kurekodi wao juu yake, na ni mimi niliyewapa kanda. Kilichosalia ni ile noti na vile viazi. Kirsty angeambiwa kwamba ngoma zake zimefunika sauti ya bibi yake, angeitupa albamu nzima mtoni, nami namjua.

Albamu itapelekwa kiwandani mwisho wa mwezi. Sauti hiyo ina warithi wawili, mimi na wewe. Ukisema ikatwe, nitawaambia waikate, na kipande kitakuja kwako chenyewe. Ukisema ibaki, itabaki. Kirsty nitamwambia siku jibu lako litakapofika, ili alijue kosa na msamaha kwa pamoja, kama msamaha utakuwapo.

Nimekuwekea humu kaseti yenye huo wimbo wa mwisho wa albamu. Namsihi Bibi Enid asiziruke kelele. Mimi nilijaribu kuziruka. Lakini Winifred akitokea bila ya zile kelele kumtangulia, anasikika kama mtu aliyekwisha kufa. Akitokea baada ya kelele hizo, anasikika kama mtu aliyetoka jikoni kuwakaripia.

Nakuachia baraka zangu zote, na unifikishie shukrani kwa anayekusomea. Nangoja neno lako, liwe lolote.

Shemeji yako mwenye haya na heshima,
Clifford Ackroyd