Uzi Alioufunga Mama Zuhura

Newala

Dada yangu Hansa,

Kabla hujasoma mbele, nakuomba neno lolote la barua hii lisitoke nje ya chumba chako, hata kwa Shangazi. Ukimaliza, ichane. Simu yangu Baba Mdogo huipekua kila jioni, ndiyo maana nimeshika kalamu. Baba akijua nimekuandikia, atanifukuza kama alivyokufukuza wewe.

Shikamoo, Dada. U mzima? Mtoto ameanza kutembea? Shangazi alisema tu umejifungua. Wa kike au wa kiume, niliogopa kuuliza. Mimi bado ni karani dukani kwa Baba Mdogo. Afya ninayo, ila baridi ya Julai huku juu inauma vidole, na maji ni ya kununua kwa dumu, naoga nusu ndoo.

Mwaka jana, siku ya Raksha Bandhan, rakhi yako haikuja. Nilitoa ile nyekundu ya mwaka wetu wa mwisho pamoja, nikajificha stoo nikijaribu kujifunga uzi wake kwa mkono mmoja na meno. Mama Zuhura, anayetupikia chai, akanikuta.

"Unahangaika nini kama mbuzi na kamba?"

Nikamweleza kwamba kwetu dada humfunga ndugu yake wa kiume uzi mkononi, naye huahidi kumlinda.

"Na dada yako yuko wapi?"

Nikamnyooshea mkono. Akauchukua uzi, akapiga mafundo mawili. "Haya, umepata dada. Ila huku kwetu mwenye neno juu ya watoto ni mjomba wao. Usije ukanikimbia."

Nilidhani anatania. Mwezi uliopita akaja kuniambia bintiye Zuhura anachumbiwa, na yeye mama mtu ndugu zake wa kiume wote wameshafariki, kwa hiyo Jumapili twende kijijini kwao Mnyambe, nikaseme kama mjomba.

Mzee mmoja wa upande wa mwanamume alinitazama, akacheka. "Mjomba mwenyewe ndiye huyu Mhindi wa dukani?"

"Ndiye," alijibu Mama Zuhura. "Ulitaka nikufufulie marehemu?"

Wakacheka wote, kisha wakanitazama, wakisubiri neno la mjomba. Nikamgeukia binti.

"Zuhura, unamtaka?"

"Namtaka, mjomba."

"Basi mimi sina pingamizi."

Ikawa imekwisha. Wanawake wakapiga vigelegele.

Dada, kumbe ni maneno machache hivyo. Siku Baba alipokutoa nyumbani kwa sababu ya shemeji Idrisa, nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Nilikuona unanitafuta kwa macho. Miaka yote ulinifunga uzi, na siku moja uliyonihitaji, sikutoka.

Sikuombi usahau. Nakuomba rakhi mwaka huu, niivae nikijua imetoka kwako.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako aliyekupokea bila maswali. Mtoto mwambie ana mjomba.

Kifurushi kitume kwa basi hadi Masasi. Andika jina la Mama Zuhura, si langu wala la duka. Yeye hushuka huko kila Jumamosi kumwona mdogo wake wa kike, ataulizia kwenye ofisi ya mizigo. Usipige simu. Na kama moyo wako bado haujakubali, tuma bahasha tupu. Nitaipokea.

Mdogo wako,
Nilesh