Dansi Moja Mbele ya Baba

Tunduma,
17 Juni 1957

Mpendwa kaka Lwitiko,

Pokea salamu tele huko Kitwe, wewe na wifi Leah. Mgodi unaendeleaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua kwa baridi ya mwezi huu, lakini katika kuvuna mahindi bado anatushinda sote.

Dada yetu Yunisi ameolewa Jumamosi na Yonasi wa Ruanda hii ya jirani, mkulima wa kahawa, kijana mpole. Mimi harusi hii nilikuwa na jambo langu ndani yake. Tangu Baba alipokufukuza kwa ajili ya dansi, miaka sita sasa, hajalitaja jina lako hata katika sala. Safari hii aliruhusu dansi moja tu, akaapa akiona fujo, harusi zetu zitakuwa za kwaya peke yake mpaka afe. Nikasema moyoni, akiona dansi yenye adabu, huenda akalegea kwako.

Kati ya sahani za muziki ulizotuma, samba niliikataa papo hapo. Inakimbia mno kwa watu walioshiba pilau. Tango nayo inafanya watu watazamane kama wenye kesi. Nikachagua cha-cha-cha, kwa zile hatua ulizoniandikia: watu wote pamoja, hesabu kumi na sita, kisha mnaanza upya. Jozi nane nilizifundisha mwezi mzima kwa Mwalimu Danford, kwa gramafoni yake, wakaiva kweli.

Alhamisi wakwe wakaleta gramafoni yao mpya, maana muziki ulikuwa juu yao. Ee kaka! Sahani ile ile, lakini sasa ilikimbia kama mbuzi aliyekanyaga siafu. Binamu yetu Kefa alimkanyaga mwenzake Ketrina, Ketrina akaangukia beseni la mchele. Wote wakamlaumu Kefa, maskini.

Mimi sikubabaika, unanijua. Niliazima saa ya Mwalimu nikahesabu mapigo ya dakika moja. Gramafoni mpya mia na ishirini na mbili, ya Mwalimu tisini na nane. Springi yake imechoka, sahani inazunguka polepole, na sisi mwezi mzima tulijifunza uchovu wake! Kuwaharakisha watu kwa siku moja haiwezekani, na kuwaambia wakwe warudishe chombo chao ni kuwatukana. Basi nikazipiga sahani zako zote kwenye kile kipya, nikihesabu moja moja, mpaka ile rumba ya Kongo ikanipa tisini na tisa.

Lakini rumba haina nafasi ya zile hatua tatu za haraka za cha-cha-cha. Nikazigeuza kuwa hatua moja ndefu, na kutulia kidogo. Kiuno nikakiondoa kabisa, kwa ajili ya wazee wa kanisa. Mwenyewe ungelia, lakini mcheza kwao hutunzwa, na mimi nawajua wa kwetu. Tulirudia Ijumaa kutwa.

Jumamosi jozi zote nane ziligeuka pamoja, hakuna aliyekosea. Baba alikaa mbele, mikono juu ya fimbo, na kidole chake kimoja kikawa kinahesabu pamoja nasi. Nilikiona kwa macho yangu. Ilipokwisha akaniita, akauliza hatua zile nilifundishwa na nani. Niliogopa kweli, kaka, lakini sikudanganya. Nikasema, ni Lwitiko. Akainuka, akaenda zake nyumbani.

Msalimie sana wifi Leah, na watoto uwabusu. Mama, Yunisi na Mwalimu Danford wanakusalimu. Mungu akulinde ukiwa chini ya ardhi, na akurudishe juu kila siku.

Barua hii nimeagizwa kuiandika. Aliyeniagiza ameketi hapa kando yangu tangu asubuhi, na anataka maneno yake niyaweke kama yalivyo:

“Mwambie mwanangu aje Krismasi na mkewe. Hizo hatua nataka kuziona kwake mwenyewe.”

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Elina