Tausi na Majani ya Lamboni

Jumamosi, 18 Januari 2025
Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshafika lamboni. Peke yangu! Nimemkatia Tausi mzigo mzima wa majani mabichi, umande unachuruzika mpaka kwenye kandambili. Jua hili limekausha Kwedizinga yote isipokuwa pale ukingoni mwa maji. Punda mwenye mimba ya miezi tisa ale nini, vumbi?

Kurudi nimepita kwa Sufiani, mdogo wa marehemu mume wangu, nikapiga ukelele wangu wa kila siku: "Shemeji, kumekucha!" Punda wake wawili bado wamefungwa. Atawafungulia saa nne akishakunywa chai, wapande kilimani kutafuna makavu. Mwanamume mvivu, jamani.

Jumanne, 21 Januari
Mbavu za Tausi zinahesabika. Manyoya yamesimama, hayang'ai. Leo nimemwondoa kabisa kwenye kazi ya maji.

Na punda wa Sufiani? Wamenona! Nimemuuliza anawapa nini. Eti anawapa usingizi wa kutosha. Nimecheka, lakini roho imeniuma. Mwaka juzi Tausi alitupa mimba, nikaona kitoto kimelala pale hakijakauka. Sitaki kuona tena kitu kile.

Alhamisi, 23 Januari
Nimempigia Dokta Fausta, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa Korogwe. Anataka mavi mabichi ya Tausi. Na ya punda wa Sufiani, alinganishe. Na majani ya lamboni, yakatwe alfajiri vilevile kama ninavyokata.

Sufiani kasema nichukue mavi yote nipendayo, yeye si mchoyo.

Jumatatu, 27 Januari
Korogwe! Makopo mawili ya mavi, ndoo moja ya majani yenye mfuniko. Nilipobadilisha gari pale Segera muuza machungwa kaniuliza, mama unauza nini? Nikamwambia siuzi, ila nikikufungulia utanilipa nifunge.

Dokta kayasuuza majani kwenye maji, akayaacha maji yatulie, akaweka tone la chini kwenye darubini. "Chungulia, mama." Nikachungulia — uwii! Vijidudu vyembamba kama nyuzi, vinajipindapinda. Watoto wa minyoo. Kwenye majani yangu!

Kisha akahesabu mayai kwenye mavi. Tausi: elfu moja na mia mbili kwa gramu moja. Punda wa Sufiani: mia moja na hamsini. Nikamwambia arudie, labda amechanganya makopo. Akarudia. Hakuchanganya.

Kanieleza taratibu. Mayai yanatoka na mavi, yanaanguliwa, na watoto wanapanda kwenye jani kwa kufuata unyevu. Alfajiri, umande ukiwapo, wako juu kabisa wanangoja mdomo. Jua likiwaka wanashuka. Kilimani kwenye ukavu wengi wanakufa. Lakini lamboni, punda wa kijiji kizima wanakunywa pale na kunya pale, na ardhi haikauki. Pale ni masika mwaka mzima.

Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa namkatia mnyama wangu minyoo, tena asubuhi na mapema kabla watu hawajaamka! Nilitokwa machozi palepale dukani. Halafu nikakumbuka usingizi wa kutosha, nikacheka mpaka Dokta akanipa maji.

Jumatano, 5 Februari
Tausi amemeza dawa, ile inayofaa wenye mimba. Saa nne nampeleka kilimani, nyuma ya punda wa Sufiani. Shemeji anatembea mbele anapiga mluzi. Afadhali angenicheka waziwazi!

Jumapili, 2 Machi
Mfungo wa kwanza wa Ramadhani. Mawingu upande wa Mashewa. Dokta kasema kwenye simu: masika ikianza, kilima nacho kitakuwa kama lambo. Na watoto wa minyoo waliojificha ndani ya mavi makavu watatoka wote pamoja na mvua. Tausi afungiwe bandani, ale vikavu mpaka azae, na mavi niyazoe kila siku.

Vikavu! Mabua yangu nilishayachoma yote, nikajisifu shamba langu safi kuliko la mtu yeyote. Mabua ya nani yamebaki? Mtu mmoja tu mtaa huu hakusafisha shamba. Mungu ana utani na mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa Sufiani baada ya futari. Nimezunguka weee, nimemsifia uji, nimeulizia afya ya binamu zake, mwisho nikasema.

"Mabua chukua yote, shemeji. Na banda langu halivuji, mlete Tausi alale humo. Ila sharti moja."

"Lipi?"

"Usinipigie kelele mlangoni kabla jua halijatoka. Hata mwezi huu. Daku najiamsha mwenyewe."

Miaka kumi na moja naamsha mtaa! Nimekubali. Ulimi umeniwasha njia nzima ya kurudi.

Jumatano, 19 Machi
Mvua! Mvua ya kweli, mabati hayasikilizani. Tausi mkavu, anatafuna mabua. Nimepita kwa Sufiani alfajiri kimyakimya kama mwizi.

Jumatatu, 31 Machi
Idd. Dokta kanitumia majibu ya kopo jipya: mayai mia moja. Mia moja! Nimempelekea Sufiani sahani ya pilau yenye nyama tele juu. Kauliza kama nimekosea nyumba.

Jumatano, 23 Aprili
Chuchu za Tausi zimejaa, zina ute mkavu nchani. Dokta kasema ni leo au kesho, na nisimguseguse. Mbavu hazionekani tena. Nimemwangalia nikafurahi mpaka nikaona haya.

Alhamisi, 24 Aprili
Naandika nimekaa kwenye ndoo, mlangoni mwa banda la Sufiani, ili mikono iwe na kazi. Kumeanza kupambazuka. Mvua imekatika.

Miguu miwili ya mbele imetoka. Na pua. Nisimguse, nisimguse.

Kimetoka! Kimelala. Hakitikisiki. Ee Mola, si tena —

Sikio! Kimetikisa sikio! Tausi anakilamba, kinapiga chafya. Masikio yenyewe marefu kuliko mwili!

Kinajaribu kusimama. Kimeanguka. Tena. Kimeanguka kwa pua. Nyumba ya Sufiani iko hapa, hatua kumi, mlango umefungwa, na jua halijatoka. Niliahidi. Hamsini na moja nimehesabu, siku hamsini na moja sijafungua mdomo.

Miguu ya nyuma imenyooka. Ya mbele inatetemeka. Kimesi — kimesimama!

Nimeita. "Shemeji! Kumekucha!" Kuku wote wameruka. Komeo linalia, mlango unafunguka!