Oili ya Mwisho ya Hilari

Kijiji cha Mapera,
Mbinga.
23 Juni 2024.

Mpendwa shemeji yangu Kilian,

Habari za huko Kibondo? Wewe na Eunice na hao watoto mnaamka salama? Yule mdogo kikohozi kimemwacha? Sisi huku tunapumua, kahawa tumeanza kuchuma, baridi inatutafuna mpaka meno yanagongana. Mimi mzima, ila mgongo tu, na sasa hivi utajua nimeutolea wapi.

Simu yako nimepiga mpaka nimechoka, haipatikani. Basi nimemwomba Stella karatasi za daftari, na barua anakuja nayo Antoni anayehamia huko. Mwandiko usiucheke, shule yangu unajua iliishia wapi.

Kwanza nitubu. Siku tunamzika kaka yako, wewe ulisema kwenye simu pikapu lake lisiguswe mpaka uje. Shemeji, tumeligusa. Usinune, soma kwanza.

Shida ilikuwa mama yenu. Unajua mvua za Machi zilivyokata barabara, Hilari wangu tukamzika hapa Mapera, mama yuko Lipingo kule ziwani, hata udongo hakutupa. Basi mwezi uliopita dada yenu Ida akanipigia analia. Mama anakataa. Anasema hakuona maiti, hakuona kaburi, kwa hiyo mwanawe hajafa, yuko safarini. Dagaa wake wa usipa akianika anatenga bakuli la Hilari, na yeye mwenyewe hali, eti atakula mwanawe akifika. Kilian, mama alibaki mifupa. Na bodaboda kwa nyonga ile hawezi kupanda.

Sasa gari lipo, na Stella anajua kuendesha, baba yake alimfundisha. Lakini wiki ile ile aliyoanguka akatutoka, Hilari alisema oili imechoka, gari lisishuke ziwani kabla hajaibadilisha. Oili mpya na filta alishanunua, viko stoo ndani ya debe. Stella akasema tumwite fundi. Nikamwambia fundi wa nini, miaka kumi na mitatu nani alikuwa anamshikia baba yako tochi?

Unalikumbuka lile shimo lake la uani, analipandisha gari juu ya mbao halafu anaingia chini? Wamatengo wenzangu, na mashimo yetu ya ngolo ya kulimia, walivyomcheka! "Mnyasa naye anachimba ngolo! Shemeji, utapanda mahindi au maharage?" Naye anawajibu, "Napanda pikapu, msimu ujao navuna lori."

Basi na mimi nikaenda kuingia humo. Nisikudanganye, miguu iligoma. Shimo la mwisho nililochungulia ni lile tulilomshushia yeye. Nikasimama pale ukingoni napiga stori tu, namsimulia Stella habari za jirani yetu Rosina na kitenge alichoazima akakirudisha kimeshonwa gauni, mpaka nikajikuta niko chini.

Injini tuliiwasha kidogo oili ilainike, kama yeye alivyokuwa anafanya. Nikafungua nati ya chini, ikaja nyeusi kama uji wa ulezi ulioungua, beseni likajaa. Filta nikaizungusha kwa mikono miwili mpaka ikatoka. Ile mpya nikaupaka mpira wake oili, nikaikaza kwa mkono, nikarudisha nati, Stella akamimina oili kule juu. Nikajiona fundi mkubwa. Nikamwambia washa.

Mungu wangu! Oili ilinimwagikia kichwani kama nabatizwa. Stella akazima haraka, anapiga kelele, "Mama, umeua gari la baba!" Maneno hayo, shemeji, yaliniingia. Nikakaa humo humo shimoni nikalia. Siku ile nilimlilia Hilari kuliko msibani, maana msibani kuna watu wa kupikia, unalia huku unahesabu sahani.

Nafuta uso, ndipo nikauona mkono wangu mtupu. Bangili! Kila akibadilisha oili, Hilari alikuwa ananivika mkononi ule mpira wa filta ya zamani. "Mama Stella, bangili yako hiyo. Umeiona?" Nami namjibu, "Nimeiona, toa uchafu wako, mume gani anampa mke mpira," halafu naendelea na umbea wangu. Miaka yote nadhani ni utani. Kumbe ndivyo alivyokuwa anahakikisha mpira wa zamani umetoka, haukubaki kwenye injini!

Nikafungua filta, nikapapasa kule juu kwa kidole. Upo, umeganda, nami nimekaza mpya juu yake. Yaani ningefunga mdomo hata siku moja nikamwangalia anafanya nini. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia ninyamaze.

Nikaubandua, nikauvaa, filta nikaikaza upya. Kulikuwa na dumu lingine aliloacha nusu, tukajazia, tukapima kwa kijiti mpaka ikafika alama. Stella akawasha. Pakavu kabisa.

Ile chafu ya beseni sikuimwaga. Unajua mchwa wa huku, nguzo zote za banda Hilari alizipaka oili chafu. Na msalaba wake ni wa mbao, walishaanza kuula kwa chini. Nikaenda nikaupaka wote. Si ndiyo oili yake ya mwisho, aliyoitia kwa mkono wake.

Jumamosi alfajiri tukashuka Lipingo, gari halikuvuja hata tone. Mama alisikia mlio wa pikapu, akatoka anachechemea mbio na fimbo yake, anacheka. Akachungulia dirisha la dereva, akamkuta Stella. Nikamwambia tumekuja kumpeleka alipo Hilari. Akarudi ndani kuchukua lile bakuli la usipa, akapanda na Ida, njia nzima amelipakata.

Pale kaburini alituangalia kama waongo. Halafu akaushika msalaba, ajiegemeze. Akanusa vidole. Akanusa tena. Unakumbuka Hilari alivyokuwa anafika kwake ananuka oili, naye anamfukuza akanawe kwanza? Akasema polepole, "Ndiye. Ndiye huyu. Hata hajanawa."

Akakaa chini, akalia kilio kilichomngoja tangu Machi. Mimi na Ida tulimshika tu. Baadaye akachukua udongo, akatupa.

Jioni aliomba ugali mwenyewe. Usipa wa lile bakuli tumekula wote, na yeye akala.

Sasa yuko kwangu, anaota jua barazani, anasema ninaongea sana. Anakusalimia, Stella na Ida wanakusalimia. Nisalimie Eunice, wabusu watoto. Mungu awafunike huko mliko, na akulete umwone kaka yako ungali na mama.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, bangili bado iko mkononi,

Tadea, Mama Stella.